Mia Tatu kwa Chaji

Miaka sita nilichaji simu za Msagali.
Sola moja juu ya tembe, betri ya lori chini ya kitanda,
ubao wa soketi nilioupigilia mwenyewe ukapinda.
Mia tatu kitochi, mia tano simu janja.
Kila moja niliizungushia karatasi ya daftari, nikaandika:
Mbijima. Mama Foibe. Mwalimu Nghambi, bado ya juzi.
Yule wa punda.

Wenyewe walikwenda shamba, uwele hausubiri,
wakaniachia simu zikilia mezani.
Nikaujua mlio wa deni: unakata, unarudi, unakata.
Nikaujua wa mchumba: anabipu mara moja, kimya.
Sikupokea.
Amana hailiwi; hii hata haijibiwi.

Siku moja tu, ile ya Mama Foibe
ililia tangu saa mbili mpaka jua la utosi.
Nilipokea. Nikafunga duka.
Nikakimbia nayo hadi ng'ambo ya korongo,
nimeiweka mbali na mwili kama kaa la moto.
Sikumwambia neno.
Aliutazama uso wangu, akalaza jembe chini taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto.

Kisha zikaja nguzo.
Zilikuja zimelala juu ya lori, zinanuka dawa,
watoto wakazipanda kabla hazijasimama.
Fundi mmoja, Chidawali, kijana wa Mpwapwa,
alipima kwa hatua, akasimama katikati ya choroko zangu:
"Mama, moja itakaa hapa."
Nikang'oa choroko.
Transfoma ikatundikwa, na miezi minane
ikabaki kutundikwa tu. Ndege wakajenga, wakatotoa, wakahama.

Halafu Jumanne, bila ngoma wala mgeni rasmi,
friji ya Yonathani ikaguruma.

Alhamisi nilipata simu nne.
Jumapili moja, nayo ya mpita njia.
Sikulaumu mtu. Nami nilikwenda kununua umeme,
nikabonyeza tarakimu ishirini kwa kidole kimoja,
nikakosea, nikaanza upya,
na taa ilipowaka niliona kwanza
jinsi ukuta wangu ulivyo mchafu.

Usiku hupita treni mpya.
Haisimami. Msagali kwake ni sekunde kumi na moja,
nimehesabu.
Madirisha yote yanawaka, na katika kila dirisha
mtu ameinamia simu yenye chaji.
Ile ya zamani ilikuwa inaharibikia kwetu,
nasi tukala kwa uharibifu wake:
mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi, mkeka wa kukodi.
Mwaka Kinyasungwe ulipobeba tuta
abiria walilala hapa siku tatu.
Mmoja alijifungua nyumbani kwa Perusi,
mtoto wakamwita Stesheni. Sijui yuko wapi.
Leo mzigo wa Dar unafika Dodoma
kabla maharage yangu hayajaiva. Ni vizuri.
Nasema ni vizuri. Dada yangu alipandishwa humo, mgonjwa,
akawahi.

Soketi za zamani nimezitoa, ubao nimefanya kigoda.
Ila simu ya Sakalani ipo.
Kitochi, namba saba haibonyezeki.
Aliiacha asubuhi, akapanda lori la kokoto
kwenda kumwaga zege la makalavati,
akasema, jioni naipitia.
Walioondoka naye wamerudi, mmoja na baiskeli, mmoja na mke.
Kila mmoja ananitajia mji mwingine.

Jumamosi naichomeka ukutani.
Siku hizi inajaa upesi.
Inawaka, inautafuta mtandao, inaupata,
vijiti vinne vimejaa,
na kampuni inamkumbusha Sakalani kwamba ana dakika za bure
mpaka saa sita usiku.
Nakaa nayo mpaka saa sita.

Karatasi yake nimeibadilisha mara mbili, wino unafifia.
Namdai mia tatu.